Meza Safi

Nyota ndiyo iliyokuwa ikimtoa jasho Mama Chiriku. Bendera ya kwao alishaizoea, angeweza kuishona huku akipiga soga, lakini hii ya nchi ya kule ng'ambo ilikuwa na nyota moja katikati, na nyota haina huruma na fundi. Ncha moja ikilala upande, bendera nzima inaonekana imelewa. Alitakiwa kutoa mia mbili za kwao na mia mbili za kule, saizi ya kupeperushwa mkononi, zote zifike kwenye ukumbi wa mikutano Jumatano asubuhi, kabla wageni hawajaketi kusaini mikataba yao. Kazi ilikuwa ya wizara, na aliyemtafutia ni mdogo wake wa tumbo moja. Ndiye aliyekuwa akiegesha gari nje sasa hivi, akipiga honi mara mbili kama kawaida yake, majirani wajue nani kafika.

Katika nyumba ile wote walimwita Mjomba. Watoto ndio walioanza, dada yake akafuata, mwishowe hata mama yake mzazi, bibi wa nyumba, akawa anauliza: "Mjomba leo haji?" Alikuwa afisa wizarani, idara ya mikataba na nchi za nje, na kwa sababu hiyo karatasi hazikusomwa katika nyumba ile, zilipelekwa kwa Mjomba. Bili ya maji, barua ya shule, cheti cha hospitali, vyote vilimsubiri yeye juu ya kabati. Msidhani Mama Chiriku hajui kusoma. Anasoma hadi gazeti lililofungiwa vitunguu. Ila kusoma karatasi aliyokuletea Mjomba, yeye akiwa amesimama hapo hapo, kulikuwa sawa na kuhesabu noti alizokupa huku anakuangalia. Nani angethubutu?

"Dada, kazi inakwendaje?" Mjomba aliuliza, akiinama kupita mlangoni.

"Inakwenda. Nyota zinanisumbua."

"Kazana nazo. Waziri wao atapokewa na hizi." Akainua bendera moja, akaipunga kidogo, akairudisha. "Safari hii tumewapata kweli kweli. Watanunua nyama yetu na mboga zetu, na sisi tutawapelekea wafanyakazi elfu ishirini kwa mkataba unaoeleweka. Mambo ya mtu kuondoka na wakala wa uchochoroni yamekwisha."

"Na aliyekwisha kuondoka na wakala wa uchochoroni?"

Mjomba akacheka, akavuta kigoda. Alijua dada yake asingekawia kufika hapo. Kifungua mimba wa nyumba ile, msichana aliyepewa jina la Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza, alikuwa na mwaka wa tatu kule akifanya kazi za ndani. Miezi miwili iliyopita alitoroka kwa bosi wake, akatembea kwa miguu hadi ubalozi wa nchi yao, na tangu siku hiyo alikuwa akilala katika chumba cha nyuma cha ubalozi pamoja na wenzake. Pasi ya kusafiria ilibaki kwa bosi. Ubalozi uliweza kumhifadhi na kuidai pasi hiyo kwa sababu moja tu, nayo ni lalamiko ambalo mama yake alilifungua wizarani, likiwa na barua aliyoiandika Chiriku mwenyewe. Lalamiko likiwa hai, yeye ni mtu aliyedhulumiwa. Bila lalamiko ni mfanyakazi mtoro, na mtoro hurudishwa kwa mwajiri wake. Hilo Mama Chiriku alielezwa siku ya kwanza na alilijua kama jina lake.

"Ndilo lililonileta," Mjomba alisema. Akatoa karatasi kwenye mkoba, akaiweka juu ya meza ya cherehani. "Faili lake linahama. Linatoka kule chini kwenye malalamiko, linapanda juu kwa wakubwa, ili waziri azungumze na mwenzake ana kwa ana. Inatakiwa sahihi yako. Hapa, na hapa chini."

Mama Chiriku aliiona nembo ya wizara, akaliona jina kamili la binti yake, lile la kwenye cheti. Akataka kuisoma. Hilo alikuja kuliungama baadaye kwa yeyote aliyekubali kumsikiliza: alitaka kuisoma. Lakini Mjomba alikuwa ameshasimama, funguo za gari mkononi, akiitazama saa ya ukutani, na kalamu alikuwa ameshaifungua. Dada mtu akaichukua. Akasaini mara mbili, taratibu, ulimi ukichungulia nje ya midomo.

"Mungu akuzidishie, mwanangu," Bibi alisema kutoka kwenye kiti chake cha mlangoni. "Usingekuwepo wewe, tungekuwa wapi sisi?"

Mjomba alirudisha karatasi mkobani. Alimpigapiga mama yake begani akatoka.

*

Jumatano Mama Chiriku aliamka mapema, akavaa gauni lake la harusi za watu, akapanga bendera kwenye mifuko miwili. Moyoni aliona kama anakwenda kumpokea mwanawe. Mumewe, mlinzi wa ghala aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini, alimsindikiza hadi njia kubwa, kila mmoja na mfuko wake.

"Ukimwona huyo waziri, mwangalie vizuri usoni," alimwambia.

"Nimwangalie, kwani namchumbia?"

Wakacheka. Walikuwa hawajacheka pamoja kwa muda mrefu.

Pale ukumbini hakuna aliyemjua. Kwenye mlango wa mbele askari alimtazama yeye, akatazama mifuko, akasema mafundi wanapita nyuma, jikoni. Nyuma akaambiwa asubiri. Akasubiri amesimama, maana viti vilivyokuwepo vilifungwa utepe wa wageni. Mwishowe akaja dada mmoja wa itifaki, kijana, kucha ndefu, akazimwaga bendera mezani na kuanza kuzipekua moja moja kama anayechambua mchele. Alikataa kumi na moja. Nyota zimelala, alisema.

"Hata mtu akiwa anaipunga, itaonekana?" Mama Chiriku aliuliza.

"Mama, hawa si watu wa kuletewa vitu hivi hivi."

Akazikunja zile kumi na moja, akazirudisha mfukoni. Hakuambiwa aondoke wala aingie, kwa hiyo akasimama kwenye korido na mfanya usafi mmoja wa makamo, mbele ya televisheni iliyokuwa ikionyesha yanayotokea ndani ya ukumbi. Meza ndefu, kitambaa cha kijani, maua katikati. Watu wawili wakisainiana vitabu. Mama Chiriku alimtafuta ndugu yake hadi akamwona, safu ya pili, tai nyekundu, akipeana mikono na mgeni mmoja kama watu waliosoma darasa moja. Roho yake ikatulia.

Kisha msemaji wa wizara akashika kipaza sauti. Alisema udugu wa mataifa haya mawili umejengwa na watu wanaokwenda na kurudi. Alisema nyama, mboga, ajira. Halafu akasema: "Na tunasaini leo tukiwa na meza safi. Hakuna lalamiko hata moja lililobaki wazi kati yetu na ndugu zetu."

Ukumbi ukapiga makofi. Mama Chiriku naye akapiga, pale pale koridoni, mfuko wa bendera zilizokataliwa ukining'inia kwenye kiwiko. Alipiga hadi viganja vikawasha. Kwani yeye alielewa nini? Alielewa kwamba wakubwa wamekaa, wameyamaliza, na faili lililopanda juu limejibiwa.

"Una mtu kule?" mfanya usafi alimwuliza.

"Binti yangu. Nadhani anarudi."

"Hongera, dada," alisema yule mwanamke, akaendelea kupiga deki.

*

Simu iliita kesho yake asubuhi. Namba ya kule, lakini si ile aliyoizoea.

"Mama." Ilikuwa sauti ya Chiriku, ila ndogo. "Ulifuta lalamiko?"

"Kufuta? Nifute kwa nini? Limepanda juu, mwanangu, kwa waziri. Jana wamesaini, nimewaona kwa macho yangu."

"Nimeonyeshwa karatasi. Sahihi ni yako, ile unayoipinda mwishoni."

"Hiyo ni ya kulihamisha faili. Mjomba wako ameileta mwenyewe."

"Mama, imeandikwa juu kabisa, kwa herufi kubwa. Ombi la kuondoa lalamiko. Chini imeandikwa, familia imeridhika, haina madai yoyote."

Mama Chiriku alikaa juu ya rundo la vitambaa. Alisikia mtu akiongea nyuma ya binti yake, sauti ya mwanamume, haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu anayetaka kumaliza kazi.

"Bosi yuko getini na gari," Chiriku alisema. "Wananiambia nikusanye vitu vyangu. Sina vitu."

"Usitoke. Mwambie huyo afisa mama yako amesema usitoke."

"Wanasema hakuna faili. Bila faili mimi ni mtoro tu."  Mtoto aliyewahi kufukuzwa darasani kwa kuongea alinyamaza hadi mama yake akadhani simu imekatika. "Mama, kwani walikupa nini?"

Afadhali angemtukana. Afadhali angelia. Mama Chiriku akasema jambo la kweli, na hakuna kweli iliyowahi kumwaibisha kama ile.

"Hawakunipa kitu. Sikuisoma."

"Haya, Mama," Chiriku alisema. "Naitwa."

*

Mjomba alifika saa tisa alasiri. Hakupiga honi. Alimkuta dada yake mezani, shemeji yake amesimama dirishani, Bibi kwenye kiti chake. Alipowaona wakimsubiri vile alijua hakuna haja ya salamu ndefu, akazungumza mara moja, kama anayesoma taarifa.

"Walikataa kusaini mpaka malalamiko yote yafungwe. Yalikuwa mafaili tisa, dada, kati ya maelfu ya watu walioko kule. Nchi nzima isimamishe biashara kwa ajili ya mafaili tisa?"

"Ya nani?"

"Ya watu mbalimbali. Nilipewa orodha, nikaona jina lake. Nikasema bora nije mimi kuliko kuja mtu mgeni."

"Angekuja mgeni ningesoma," Mama Chiriku alisema.

Mjomba akafuta uso kwa leso. Shemeji yake aligeuka kutoka dirishani, akauliza swali la mtu wa ghala, mtu aliyezoea kuona nini kimeingia na nini kimetoka. "Na wewe umepata nini humo?"

"Sikufanya kwa ajili ya kupata." Akakunja leso. "Wamenipanga ubalozini kule. Mwambata wa kazi, msimamizi wa wafanyakazi wetu. Naondoka baada ya wiki mbili."

Bibi akainua mikono kushukuru, kisha akaishusha alipoona hakuna aliyefurahi naye.

"Nisikilizeni," Mjomba alisema, sasa akiegemea mezani, sauti ikiwa laini kama zamani alipokuwa akiomba nauli ya chuo kwa dada yake. "Huu ndio msaada wenyewe. Nitakuwa na gari la ubalozi, na kitambulisho. Nitaugonga ule mlango mimi mwenyewe, nimtoe. Mnataka nani zaidi yangu?"

"Na faili? Haliwezi kufunguliwa tena leo?"

"Linaweza." Alilisema hilo kama mtu anayeng'olewa jino. "Kuna fomu. Mlalamikaji anaapa kwamba alidanganywa ili aondoe lalamiko, na anamtaja aliyemdanganya. Hapo ubalozi unalazimika kumfuata mfanyakazi aliko, ndani ya siku saba. Lakini ukinitaja mimi, safari yangu imekufa, na pengine kazi yenyewe. Halafu hao wa ubalozi watamfuata kweli? Au watakwenda wapige picha getini warudi? Fikiri vizuri, dada. Hasira zitakupotezea mtu pekee uliye naye."

 Uovu wa maneno yale ni kwamba yalikuwa na akili ndani yake. Hata Baba Chiriku alikuna kidevu akasema polepole: "Mke wangu, amekosa, amekosa sana. Lakini ndiye tuliye naye. Mwache aende."

Mama Chiriku alikuwa karibu kukubali. Tusimpambe. Alikuwa amemwamini mtu huyu tangu akiwa na meno ya utoto, na mazoea ya namna hiyo hayaondoki kwa siku moja. Aliuliza tu, kwa nia njema kabisa, jambo alilotaka kulisikia ili moyo utulie.

"Ukifika mlangoni kwa huyo bosi, utamwambia nini?"

"Nitamwambia tunajua alichomfanyia."

"Alimfanyia nini?"

Mjomba akapangusa paji la uso. "Yaliyomo kwenye barua."

"Yapi?"

"Dada, mafaili yalikuwa mengi, na mambo ya ugeni huu..."

"Yalikuwa tisa. Umesema mwenyewe."

"Nitaisoma nikifika."

Basi hapo ndipo uzi ulipokatika. Karatasi zote za nyumba ile zilimsubiri yeye juu ya kabati, miaka nenda miaka rudi, na ile moja, kurasa nne za mkono wa Chiriku mwenyewe, alilibeba faili lake kutoka chumba hadi chumba, akalifunga, akaligonga muhuri, wala hakulifungua. Kama angeisoma na bado akafanya alilofanya, Mama Chiriku angeona ana ndugu mbaya. Sasa aliona hana.

"Ukurasa wa pili," alimwambia. "Pasi ya umeme, ikiwa moto. Mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Kwa sababu ya shati la mtoto. Ukurasa wa tatu ni kufuli ya stoo alimokuwa analala. Wa nne anatuomba tusimwambie Bibi."

Bibi aligeuza uso kutoka kwa mmoja hadi mwingine. "Pasi gani?" aliuliza.  "Nauliza, pasi gani?"

Mjomba alichukua mkoba wake. Mlangoni alisimama kama aliyekusudia kusema neno, akaona macho ya shemeji yake, akatoka. Mama Chiriku alilala chali kitandani hadi jua likazama, akijaribu ile namba ya kule, na kila mara sauti ya mashine ikimwambia kwa lugha asiyoijua jambo alilolielewa vizuri.

*

Ijumaa asubuhi Bibi alimzuia sebuleni, amejifunga mtandio kichwani, macho yamevimba.

"Mjukuu ananiuma, usidhani haniumi," alisema. "Lakini ukienda kumtaja, umenizikia mwanangu."

"Na wangu, mama?"

 Bibi alijisogeza pembeni taratibu, akishika ukuta, akampisha. Baba Chiriku alikuwa ameshavaa viatu, akimngoja nje. Safari hii alimfikisha hadi kwenye geti la wizara, akamshikia mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

Idara ya malalamiko iko chini, mwisho wa korido, dirisha moja lenye kioo kilichopasuka kona. Mbele yake walikuwa watu sita. Mmoja, mzee mwenye fimbo, alikuwa anauliza faili la mjukuu wake limeishia wapi, akaambiwa limefungwa, ameridhika. "Nani ameridhika?" mzee aliuliza. Akaambiwa apishe wengine. Mama Chiriku akamshika mzee mkono, akamwambia asiondoke, akae pale kwenye benchi amsubiri, kuna fomu.

Karani alikuwa msichana mwenye sauti ya upole, anayeandika haraka. Aliandika jina la mlalamikaji, namba ya faili lililofungwa, jina la mfanyakazi, mahali alipo sasa.

"Alipo sasa," Mama Chiriku alisema, "amerudishwa kwa aliyemchoma."

Msichana aliinua macho, akaandika. "Unaapa kwamba ulidanganywa?"

"Naapa."

"Aliyekudanganya nani? Nitajie majina yote na kazi yake."

Mama Chiriku akayataja majina matatu ya ndugu yake, moja baada ya jingine. Akataja na cheo, kile cha zamani na hiki kipya cha kule. Kalamu ya karani ilifika jina la pili ikasimama. Msichana akatazama nyuma yake, ambako wenzake walikuwa wakinywa chai, akasogeza uso karibu na kioo.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "huyu ni mmoja wa mabosi wetu hapa wizarani. Jumatatu tunamuaga, tumeshachanga kabisa. Una uhakika unamjua?"

"Nimembeba mgongoni," alisema Mama Chiriku. "Andika."